Sanaa Wakati wa Shida: Hotuba ya Mwenyekiti Siku ya Kutimiza Miaka Kumi

Ndugu Mgeni Rasmi,
Ndugu viongozi wa kata na wa kijiji,
Wazee wetu, akina mama na akina baba,
Ndugu wanachama wenzetu, na ninyi watoto wetu mliotuchezea ngoma asubuhi hii.

  

Awali ya yote tunamshukuru Mwenyezi Mungu aliyetufikisha siku ya leo tukiwa hai na tukiwa pamoja. Tunawashukuru pia wageni wetu mliopanda milima hii, wengine kwa bodaboda na wengine kwa miguu, mkafika Zirai. Njia zetu mnazijua wenyewe, mvua ikinyesha ni utelezi mtupu. Kufika kwenu ni heshima kubwa kwetu.

Hesabu za hisa, mikopo na marejesho tangu tulipoanza mwaka 2015 mpaka huu wa 2025 amekwisha zieleza Mweka Hazina wetu, na zimo katika kurasa nyingine za kijitabu hiki. Hatutazirudia. Sisi wa kamati tumeona tutumie nafasi hii kusema juu ya jambo ambalo haliandikwi kwenye daftari la hisa. Nalo ni mkutano wetu wa sanaa wa Jumapili ya mwisho wa kila mwezi.

Wanachama mnaujua, lakini kwa faida ya wageni tueleze kidogo. Siku hiyo kikao kikiisha, fedha zimehesabiwa na kisanduku kimefungwa kufuli zake tatu, hatutawanyiki. Tunabaki uwanjani. Bibi zetu wanatoa hadithi. Wenye sauti wanaimba. Wanaosuka vikapu wanasuka huku wanasikiliza. Wafinyanzi wanakuja na udongo wao. Wasichana wanaigiza. Siku nyingine mdumange unachezwa mpaka jua linazama na waume wanaanza kuuliza chakula kiko wapi. Kila mwanachama anatoa shilingi 500 ya chai, sukari, nyuzi na rangi. Basi, ndiyo mkutano wenyewe.

Sasa, ndugu zangu, ipo hoja mezani. Itapigiwa kura kwenye mkutano mkuu. Wenzetu wanauliza: maisha yamekuwa magumu, kwa nini tusiufute mkutano huu, fedha ile na muda ule tukavitumia kwa mambo ya maana?

Hoja hii tusiidharau. Hebu tupige hesabu wote. Wanachama 30 mara shilingi 500 ni shilingi 15,000 kwa mwezi. Kwa mwaka ni 180,000. Hiyo ni mtaji wa mama mmoja kuanza kuuza maandazi. Ni sare na madaftari ya watoto kadhaa. Na tunajua miaka hii ilivyo. Bei ya iliki inapanda leo, kesho imeanguka. Mvua nazo hazina miadi. Aliyeleta hoja hii anajua njaa ni nini, wala hakuileta kwa uvivu au kwa wivu. Kwa hiyo anastahili jibu, siyo kuzomewa.

Jibu letu sisi wa kamati ni kwamba mkutano wa sanaa uendelee, tena uendelee hasa wakati wa shida. Tunaomba mtusikilize sababu zetu, kisha mpige kura mnavyoona.

Kwanza, sanaa ndiyo inayotuweka pamoja, na bila kuwa pamoja hakuna akiba. Mtindo huu wa hisa na kisanduku tunaoutumia ulianza mbali, huko Niger, mwaka 1991, kwa akina mama wa vijijini, ukaenea mpaka ukatufikia sisi. Kisanduku ni rahisi. Unakwenda kwa fundi, anakichomelea, unanunua kufuli. Lakini kumwamini mwenzako akae na ufunguo, hilo fundi wake ni nani? Haliuzwi dukani. Sisi tunasema linatengenezwa pale mnapokaa na kucheka pamoja, na kujua nani yuko vipi. Jumapili moja waimbaji walisema, mbona mwenzetu fulani sauti yake hatuisikii mwezi wa pili huu? Kwenye hisa alikuwa anatuma mtoto, kwa hiyo daftari lilionyesha yupo. Ni wimbo uliotuonyesha hayupo. Tukaenda kwake, tukamkuta mgonjwa, anaficha. Daftari lisingetuambia.

Wazee wetu Wasambaa walikuwa na maneno mawili. Walisema kuzifya shi, yaani kuitengeneza nchi ikapona, mvua ikanyesha na watu wakashiba. Na walisema kubana shi, yaani kuiharibu nchi. Waliamini nchi inaharibika pale wenye nguvu wanaposhindana, nguvu kwa nguvu. Nasi tunaona kikundi ni kama shi. Kinaweza kuwa na fedha na bado kikawa kimebanwa, kwa sababu watu wake hawaongei. Vikundi vilivyokufa tumeviona, na vingine vilikufa kisanduku kikiwa kimejaa.

Pili, wanawake wa nchi hii waliwahi kufanya jambo kubwa kwa sababu ya ngoma. Mwalimu mmoja rafiki wa kikundi chetu ametusomea habari za Bibi Titi Mohamed. Alizaliwa Dar es Salaam mwaka 1926, na alikuwa mwimbaji kiongozi wa kikundi cha ngoma kilichoitwa Bomba. Mwaka 1955, TANU ilipotaka kuwaingiza akina mama katika chama, Bibi Titi hakuanza na watu wa ofisini. Alikwenda kwa viongozi wa vikundi vya ngoma. Wale walikuwa tayari na viongozi wao, na desturi yao ya kuchangiana kwenye harusi na msiba. Walipokubali viongozi, wakaja na watu wao. Kwa muda mfupi wanawake maelfu wakachukua kadi, wengi wao hawakuwa wamekaa darasani. Bibi Titi alifariki mwaka 2000, lakini fundisho lake bado lipo. Ukiwaona akina mama wanacheza ngoma, usidhani hawana kazi. Pengine wamekwisha jipanga, wanangoja jambo tu.

Na tusisahau tulikotoka sisi wenyewe. Wengi wetu hapa tulikuwa wasichana wadogo baada ya vita vya Kagera vya mwaka 1978 na 1979. Mnakumbuka miaka ile? Sukari kwa foleni, sabuni hakuna, watu wanafulia majani ya mpapai. Nguo moja ya shule, ukiifua usiku unaomba Mungu ikauke. Lakini mnakumbuka pia kwamba tulikuwa tunaimba! Shuleni tulighani ngonjera, zile ambazo marehemu Mathias Mnyampala wa Dodoma ndiye aliyezikuza. Redio Tanzania ikifunguliwa kwa jirani mwenye betri, tulijaa ukumbini kwake kumsikiliza Bi Shakila Saidi, aliyeimba na Black Star na Lucky Star za Tanga yetu hii. Bi Shakila alifariki mwaka 2016. Sauti yake haikuleta sukari, hilo tunakubali. Ila mtu aliyeimba jioni aliamka asubuhi akaenda tena kupanga foleni. Aliyekata tamaa hakwenda.

Tatu, kipaji peke yake hakitoshi, kinahitaji mahali na kinahitaji mwalimu. Tuchukue mfano wa Siti binti Saad wa Unguja. Alizaliwa katika kijiji cha Fumba mwaka 1880, katika familia maskini. Alikuwa akiuza vyungu. Alizunguka mjini akivinadi, na watu wakaisikia ile sauti ya kunadi. Wakatokea waliomfundisha kuimba na muziki. Mwaka 1928 akavuka bahari mpaka Bombay, India, akarekodi santuri kwa Kiswahili, jambo kubwa sana kwa wakati ule. Alifariki mwaka 1950, na Shaaban Robert, ambaye ni mtoto wa mkoa wetu wa Tanga, akaandika kitabu cha maisha yake. Sasa jiulizeni, kama asingetokea wa kumfundisha? Angekufa muuza vyungu mwenye sauti nzuri, na sisi tusingelijua jina lake. Hapa Zirai ni wangapi wanaonadi ndizi barabarani ambao hatujawasikiliza?

Na kwa kuwa tumetaja vyungu, tuseme la kwetu linalotuuma. Katika milima hii ya Usambara ufinyanzi ni kazi ya wanawake tangu zamani. Bibi zetu wanajua udongo upi unafaa na upi unapasuka. Wanaukanda, wanaunda chungu kwa mkono bila mashine yoyote, wanakianika kivulini kikauke polepole, halafu wanakichoma kwa kuni na majani makavu. Leo katika kikundi chetu wanaojua kazi hiyo kuanzia kuchimba udongo mpaka kuchoma ni wachache, na wote ni wazee. Ndoo za plastiki na masufuria yameingia, sawa, hatuyakatai, tunayatumia. Lakini bibi mmoja akitangulia mbele ya haki na ujuzi wake haujapokelewa, umekwenda. Mkopo ukipotea tunaweza kufuatilia kwa mdhamini. Ujuzi ukizikwa, tutamfuata nani?

Hapo tunaona mfano wa Edward Said Tingatinga. Huyu ni mtu wa Tunduru aliyefanya kazi kwanza kwenye mashamba ya mkonge huku Tanga, ndipo akaenda Dar es Salaam kutafuta maisha. Mnamo mwaka 1968 akaanza kuchora. Hakuwa na vifaa vya wachoraji wakubwa. Alitumia rangi ya mafuta, ile ya kupaka baiskeli, juu ya vipande vya mbao laini za dari. Aliuza kando ya barabara. Alifariki mwaka 1972, kwa hiyo muda wake wa kuchora ulikuwa mfupi mno. Lakini alikuwa amekwisha wafundisha ndugu zake na vijana waliokaa karibu naye. Wakaendelea, baadaye wakaunda ushirika wao, na mpaka leo wageni kutoka nchi za nje wananunua picha zinazoitwa kwa jina lake. Mwenye kazi aliondoka, kazi ikabaki kwa sababu aliigawa mapema. Nasi tunataka ufinyanzi wetu ugawiwe hivyo, bibi zetu wakiwa bado wapo.

Nne, yapo mambo ambayo mdomo unaogopa kuyasema, lakini igizo linayasema. Hili nalo si letu peke yetu. Walimu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, akiwemo Profesa Penina Mlama na Profesa Amandina Lihamba, mwaka 1996 walianzisha mpango ulioitwa Tuseme. Wasichana wa sekondari walikuwa wanakaa, wanataja matatizo yao, wanayatungia igizo, wanaigiza mbele ya wenzao na walimu, kisha wote wanajadili. Msichana ambaye asingethubutu kusimama mbele ya mwalimu na kulalamika, kwenye igizo alisema yote.

Sisi tulifanya vivyo hivyo kwa njia yetu ya kijijini. Wasichana wetu waliigiza mama aliyechukua mkopo wa mbegu, akafika nyumbani, mume akaupokea mlangoni, na fedha ikaishia kilabuni. Watu walicheka mpaka machozi yakatoka. Halafu kicheko kikaisha, uwanja ukawa kimya. Akina mama wawili watatu wakaangalia chini. Kikao kilichofuata ndipo ilipozaliwa kanuni yetu kwamba mkopo mkubwa hautolewi mpaka mume, kama yupo, aje akae nasi asikie ni wa kazi gani. Akina baba wengine mwanzoni walinuna. Leo baadhi yao wamekaa hapa mbele, na tunawashukuru. Kanuni ile imeokoa mikopo mingi, na haikuletwa na semina, ililetwa na watoto wenye kanga kiunoni wanaoiga sauti za baba zao. Anayeuliza shilingi 500 inaleta nini, aanze kuhesabu hapo.

Mnakumbuka pia mwaka 2020. Mwezi Machi shule zilifungwa kwa sababu ya korona, na watoto wengi walikaa nyumbani mpaka mwisho wa Juni. Tulikuwa na hofu, na tulikuwa na wasichana hawana la kufanya kutwa nzima. Mkutano mkubwa tuliusimamisha. Badala yake tukakaa vikundi vidogo barazani, tukiwa mbalimbali, bibi mmoja na wasichana wanne au watano. Wengine wakajifunza kusuka, wengine kufinyanga, wengine wakaandika hadithi za bibi kwenye madaftari ya shule. Hatusemi kwamba tuliwalinda wote. Wapo waliopata mimba, wapo waliokwenda mjini kufanya kazi za nyumbani wakiwa bado wadogo, na moyo unauma tukiwataja. Lakini vikapu na vyungu mlivyoviona kwenye meza pale nje, vingi ni vya mabinti walioanzia kwenye baraza zile.

Sasa ndugu zangu, tukiisifu sanaa tuseme na hatari zake. Ngoma inaweza kubana shi vilevile. Huko pwani zamani vikundi vya lelemama na vya beni vilishindana kwa nguo na karamu mpaka watu wakaingia kwenye madeni. Na siku hizi mnajua mambo ya mipasho, mtu anaimbwa mbele ya watu kwa sababu ya ugomvi wa kisimani. Ndiyo maana tangu mwanzo tulikataa sare mpya kila sherehe. Kanga uliyo nayo ndiyo sare yako. Na nyimbo za kumtaja mtu kwa jina ni faini, sawasawa na kuchelewa kikao. Mama maskini akiona aibu kuja kwa sababu hana kitambaa kama cha wenzake, hapo mkutano umekwisha kuwa wa matajiri, na heri tuufute kweli.

Kwa hiyo, pamoja na kuomba mkutano uendelee, tunaleta mapendekezo matatu kwa mkutano mkuu.

La kwanza, shilingi 500 isiwe kikwazo. Asiyekuwa nayo mwezi huo alete kuni, au ndizi, au majani ya chai, au afundishe wengine anachokijua. Katibu aandike kwamba amechangia, na asiulizwe zaidi.

La pili, kila bibi mwenye ujuzi, uwe wa kufinyanga, wa kusuka, wa kuimba au wa hadithi, akabidhiwe mabinti wawili kwa mwaka mzima. Mwisho wa mwaka, siku ya kugawana akiba, mabinti hao waonyeshe walichopokea mbele yetu wote. Tunakopeshana fedha kwa riba na tunadaiana mpaka shilingi ya mwisho. Tukopeshane na ujuzi, na tudaiane vilevile.

La tatu, kazi za mikono zikiuzwa, sehemu ndogo ya bei iingie kwenye mfuko wa jamii. Hapo mkutano utaanza kujilisha wenyewe, na mwenzetu aliyeleta hoja atakuwa ametusaidia sana, maana bila yeye tusingelifikiria hili.

Kwako Mgeni Rasmi na viongozi wetu, hatuombi makubwa. Tunaomba mahali penye paa sokoni siku ya gulio, ili vyungu na vikapu visinyeshewe na mabinti wasikae juani. Kwa walimu wa shule zetu, tunaomba mtuletee watoto wanaopenda kuchora na kuimba, hata wale ambao kwenye hesabu hawafanyi vizuri. Nao wana akili, ila imekaa mikononi. Kwa akina baba, tunaomba Jumapili moja kwa mwezi mtuvumilie chakula kikichelewa. Au mkipike ninyi, hatutawacheka.

Na kwenu wanachama wenzetu, hasa ninyi mlio na mashaka. Siku ya kura kila mtu ana sauti moja, Mwenyekiti na mwanachama aliyeingia mwaka jana ni sawa. Mkikataa tutatii, maana ndivyo tulivyokubaliana tangu siku ya kwanza. Lakini kabla ya kuinua mkono, kila mmoja ajiulize ni nani katika kikundi hiki alimjua kwa njia ya hisa tu, na ni nani alimjua kwa njia ya wimbo. Halafu aamue.

Mwisho, tunawakumbuka wenzetu waliotangulia mbele ya haki katika miaka hii 10. Mungu awapumzishe mahali pema. Nyimbo zao bado tunaziimba, na leo mtazisikia.

Karibuni chakula, karibuni mtazame kazi za mabinti wetu pale nje, na mwenye fedha asiondoke mikono mitupu. Chungu cha Zirai kinapika maharage matamu kuliko sufuria, mkajaribu nyumbani.